Ualimu, ufundi umeme au mikorosho? Ulinganisho kwa kijana wa Mtwara anayetafuta kazi ya kumfaa

Kwetu Wamakonde, mtoto akikwama humwendea mjomba. Ndivyo mpwa wangu alivyofika kwangu Chuno jioni moja mwezi Julai, binti wa dada yangu mkubwa, matokeo ya kidato cha sita yapo kwenye simu na macho yanaonyesha hajalala. Amefaulu vizuri fizikia na hisabati. Mama yake anataka awe mwalimu, maana mshahara wa serikali haukosi. Baba yake anasema mikorosho ya familia kule Tandahimba inazeeka na haina mtu. Yeye mwenyewe, tangu ana miaka kumi, hufungua redio mbovu za majirani na kuzifunga zikiwa zinaongea.

Alipomaliza kunisalimia aliuliza swali moja tu: "Mjomba, nitajuaje kazi inayonifaa?"

Nilimwomba anipe wiki. Swali lilinigusa kwa sababu hizo njia tatu zote nimezipita kwa miguu yangu. Nilijifunza umeme wa majumbani mwaka 2011 na nikauishi miaka kadhaa. Sasa nafundisha fizikia katika shule ya kata nje kidogo ya mji. Na mikorosho aliyoiacha mama yangu naihudumia hadi leo. Haya hapa ndiyo niliyomweleza, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya vijana wengine wa Mtwara na Lindi waliosimama kwenye njia panda hiyo hiyo.

Tunachokiruka tunapochagua

Mwaka 1908, huko Boston nchini Marekani, mtu aitwaye Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alidai mambo matatu: kijana ajijue, aijue kazi, kisha akae aoanishe hayo mawili kwa akili yake mwenyewe. Zaidi ya karne imepita na sijaona ushauri ulio bora kuliko huo, ila sisi tumeshika la kwanza tukaliacha la pili. Kila semina ya vijana ni "jitambue, jitambue". Kijana akitoka pale bado hajui mwalimu anafanya nini saa kumi jioni, wala fundi umeme anakaaje juu ya dari saa saba mchana.

Kwa uzoefu wangu darasani, vijana wanajijua zaidi ya tunavyodhani. Mpwa wangu anajua kuwa kelele zinamchosha, kwamba anapenda kitu chenye mwanzo na mwisho, na kwamba akiwa na tatizo mkononi husahau kula. Hilo linatosha kuanzia. Asichokijua ni kazi zenyewe, ndiyo maana katika ulinganisho huu nimeacha sifa za kazi na kushika siku zake: unaamkaje, unafanya nini, unachoka wapi, fedha inaingia lini na nani ana neno la mwisho juu yako.

Jambo moja kabla sijaendelea. Kuna wanaoamini kuwa kila mtu ana kazi yake moja aliyoandikiwa, na kuna kazi za wito na nyingine za kusukuma maisha. Mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliogusa hilo. Ndani yake kulikuwa na kikundi cha makatibu muhtasi, watu wa kazi ya aina moja, na wakagawanyika karibu sawa katika mafungu matatu: wanaoiona ni ajira tu ya kupata riziki, wanaoiona ni ngazi ya kupandia, na wanaoiona ni wito. Kwa hiyo tunaposema "ualimu ni wito" tunasema nusu ya jambo. Ni wito kwa fulani. Kwa jirani yake katika ofisi ile ile ya walimu ni mshahara wa tarehe 24.

Siku ya mwalimu

Saa moja asubuhi niko shuleni. Kama ni zamu yangu nimefika mapema zaidi, nasimamia usafi na mstari. Vipindi vya kwanza akili za watoto zimeamka, fizikia inapita. Kidato cha pili mkondo mmoja wana wanafunzi 72. Naeleza sheria ya Ohm mkondo A, natoka, naenda kuieleza mkondo B, baada ya chai mkondo C. Na mara ya tatu lazima niseme kama mtu aliyeigundua asubuhi hiyo, maana kwa mtoto wa mkondo C ndiyo mara ya kwanza.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kulipenda somo hakutoshi. Nawafahamu watu wenye vichwa vikubwa vya hisabati ambao darasani waliteseka mpaka wakaondoka, kwa sababu walichokipenda ni hesabu mpya, na mwalimu anaishi na hesabu ya zamani na uso mpya. Ukijisikia furaha mtu mwingine anapoelewa, hata kama wewe uliielewa miaka kumi iliyopita, utadumu. Mwaka jana nilileta darasani betri mbili za tochi, balbu ndogo na waya niliouchuna kwenye chaja iliyokufa. Balbu ilipowaka, binti mmoja anayevuka kila asubuhi kwa kivuko kutoka Msanga Mkuu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Ile sura ilinibeba muhula mzima.

Mchana ni madaftari. Madaftari 72 kwa mkondo, na mikondo ni mitatu. Kuna azimio la kazi, andalio la somo, vikao, mzazi aliyekuja kueleza kwa nini mtoto hakuonekana wiki mbili (msimu wa korosho jibu tunalijua kabla hajafungua mdomo). Saa kumi natoka na bado mfuko una madaftari.

Na usisahau kituo. Mwalimu hachagui pa kuanzia. Mimi nilianzia kijiji cha uwanda wa juu upande wa Newala. Ni mahali pazuri, na ukienda ukingoni pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma lote limelala chini yako. Lakini uwanda wa Makonde una shida ya maji ya miaka na miaka, na mwalimu mgeni ananunua maji kwa ndoo kama kila mtu. Kuna wenzangu waliopapenda wakajenga huko. Kuna walioandika barua za uhamisho tangu mwezi wa kwanza.

Siku ya fundi umeme

Haina umbo moja. Simu inaita saa kumi na mbili: nyumba ya Mangamba imezima nusu. Unabeba testa, plaizi, bisibisi, unapanda bodaboda. Saa mbili umemaliza, unakwenda kwenye jengo linaloinuka kutindua kuta na kulaza mabomba ya nyaya kabla mpiga lipu hajafika. Vumbi la tofali linakaa kwenye nywele mpaka jioni. Ukipanda juu ya dari mchana, bati la Mtwara linakuonyesha jua ni nini.

Watu huona ufundi ni nguvu. Nguvu ipo, ila sehemu kubwa ya kazi ni kufikiri kwa utaratibu. Unahesabu mzigo wa nyumba, unaugawa kwenye sakiti, unachagua unene wa waya, unapanga soketi ziwe pale mama mwenye nyumba atakapoweka friji miaka mitatu ijayo. Hitilafu ikitokea unaitafuta kama mganga anayeulizia ugonjwa: hapa umeme upo, hapa upo, hapa haupo. Mtu anayependa mafumbo hufurahia saa hizo kuliko kitu chochote. Mimi nilizipenda.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba una mwisho. Unawasha meinswichi, taa zinawaka au haziwaki. Mwalimu atajua miaka kumi baadaye kama alifanya kazi nzuri, fundi anajua jioni hiyo hiyo.

Ubaya wake ni wateja na madeni. Hesabu yetu huenda kwa pointi, kila taa, kila soketi, kila swichi, na nyumba ya vyumba vitatu inakupa kazi ya siku kadhaa. Lakini kukubaliana bei ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Mwaka 2014 nilifanya kazi chini ya mkandarasi mdogo kwenye eneo la ujenzi mkubwa, na malipo ya miezi mitatu yalikuja vipande vipande mpaka mke wangu akaacha kuuliza. Asiyeweza kudai pesa yake uso kwa uso ufundi utamwonea. Na hatari ni ya kweli: umeme hautoi onyo mara mbili. Mtu mwenye papara, hata awe na akili kiasi gani, namshauri asiuguse.

Jingine wasilolisema: fundi anashinda peke yake, au na saidia fundi mmoja. Kwa wengine ni upweke, kwa wengine ni amani. Mimi niligundua kuwa saa zangu nzuri kuliko zote zilikuwa zile za kumwelekeza kijana niliyekuwa naye, na siku alizokosekana kazi ilikuwa ileile lakini mimi nilinyong'onyea. Hilo ndilo lililonihamishia ualimu. Sikuuchoka umeme. Nilikuwa nikifundisha bila kujua.

Siku ya mkulima wa korosho

Nitaanza na alfajiri ya Julai. Salfa ya unga hupulizwa mapema, upepo haujaanza na majani yana umande wa kuishika. Saa kumi na moja uko shambani na bomba mgongoni, uso umefungwa kitambaa. Unapulizia ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, usikamate maua, kisha unarudia baada ya wiki mbili au tatu, na tena. Ukisafiri kwenda msibani ukakosa zamu moja katika wiki mbaya, maua yanageuka meupe kama yamemwagiwa majivu, na hakuna mtu wa kumlalamikia. Halafu kuna mbu wa mikorosho wanaonyonya machipukizi. Mkulima mzuri ni mtu wa macho: anazunguka shamba bila kufanya kitu, anatazama, anarudi nyumbani akijua mti wa tatu mstari wa pili una tatizo.

Korosho haichumwi, inaokotwa. Bibo, tunda linalobeba korosho, likiiva linaanguka lenyewe, wewe unasubiri. Kisha kunyofoa, kuanika, kuchambua, kupeleka chama cha msingi cha ushirika, na kusubiri tena, mnada, na kusubiri tena, malipo kuingia benki. Asiyejua kusubiri ndiye anayeuza kwa kangomba, wanunuzi wa magendo, mwezi Agosti, korosho ikiwa bado ua, kwa bei ya kuumiza.

Kazi hii ina ukimya ambao sijaupata kwingine. Chini ya mikorosho mikubwa hata mchana pana kivuli na ndege. Mtu aliyechoka na watu anapona huko. Ila kwa kijana wa miaka 20 ambaye marafiki zake wote wako mjini, ukimya huo huo unaweza kumtoa mbio.

Mwaka mzima, kazi tatu kando kwa kando

| Miezi | Mwalimu | Fundi umeme | Mkulima wa korosho |
|---|---|---|---|
| Januari–Machi | Muhula mpya, madarasa yamejaa, ada na sare za wanao zinakungoja nawe | Mvua, ujenzi unapungua, matengenezo madogo | Mazao ya chakula, malipo ya mwisho ya msimu |
| Aprili–Mei | Mitihani ya katikati ya mwaka inakaribia | Miezi mikavu mfukoni | Palizi, kusafisha chini ya miti |
| Juni–Agosti | Likizo fupi, kisha muhula wa pili | Kazi zinaanza kurudi | Salfa, alfajiri kwa alfajiri. Fedha inatoka, haiingii |
| Septemba | Maandalizi ya kidato cha nne | Watu wanatafuta bei | Kuokota kunaanza |
| Oktoba–Desemba | Mtihani wa taifa Novemba, kusahihisha, kufunga | Simu haikai kimya | Minada na malipo |

Tazama safu ya fundi. Inapanda na kushuka pamoja na ya mkulima. Korosho ikilipwa ndipo bati linanunuliwa, ndipo nyaya zinaingia. Hapa kusini kila kazi ina mguu mmoja chini ya mkorosho, hata ya muuza nguo wa soko kuu. Mwalimu peke yake mshahara wake haujui kama mwaka ulikuwa wa maua mazuri.

Fedha

Tuanze na lililo wazi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Mwalimu mwenye stashahada au shahada yuko juu ya hapo. Aliyesoma kwa mkopo wa bodi ya elimu ya juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka amalize, na kuna mchango wa hifadhi ya jamii na kodi. Kinachobaki si kikubwa, lakini kinajulikana, na kwa sababu kinajulikana benki zinakukopesha. Hapo ndipo walimu wengi wanapoumia: mkopo juu ya mkopo, kisha kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, juu yake.

Mikorosho nayo tuipigie hesabu ya mfano. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti kama 28. Shamba la ekari tano ni miti 140. Tuseme umeihudumia vizuri na kila mti umekupa kilo 10: ni kilo 1,400. Msimu wa 2023 bei minadani ilikuwa ikizunguka shilingi 2,000 kwa kilo, sawa na milioni 2.8 kwa mwaka mzima. Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka 4,000, na shamba lile lile, jasho lile lile, likaleta zaidi ya milioni 5.6. Toa makato, toa vibarua wa palizi. Kima cha chini cha serikali kwa miezi 12 ni milioni 6. Maana yake ekari tano peke yake hazimfikii mtumishi wa chini hata mwaka mzuri. Ekari 15 ni habari nyingine.

Wenye umri wangu tunakumbuka 2018, serikali ilipokataa bei za wanunuzi, ikatangaza shilingi 3,300 na wanajeshi wakaja kusomba korosho maghalani. Simlaumu mtu hapa. Nasema tu kwamba mkulima anaishi na maamuzi yanayofanyika mbali na shamba lake, na moyo wake lazima uweze kulala hata hivyo.

Fundi yuko katikati. Hana mshahara, ila kipato chake pia hakina kikomo. Kuna jambo moja linalompa nafasi zama hizi: kuunganishiwa umeme vijijini kupitia mradi wa REA, wakala wa nishati vijijini, ni shilingi 27,000, lakini nyaya za ndani ni juu ya mwenye nyumba. Kila kijiji kinachofikiwa na nguzo ni mamia ya nyumba zinazohitaji mtu anayejua kazi.

Mlango wa kuingilia

Ualimu una mlango mrefu. Unaweza kusomea hapa hapa: Mtwara kuna vyuo vya ualimu vya serikali, na Stella Maris inatoa shahada. Baada ya hapo unaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, unafanyiwa usaili, unasubiri. Mimi nilijitolea shuleni miaka mitatu kabla ya kuajiriwa. Wenye fizikia na hisabati wana nafuu kuliko wenzao wa masomo ya sanaa, kwa kuwa upungufu uko huko.

Ufundi una mlango mfupi. VETA, chuo cha ufundi stadi cha serikali, ipo Mtwara na ipo Lindi, masomo huanza Januari, na unapanda daraja la kwanza hadi la tatu. Lakini usiishie kwenye cheti. Fundi anayetaka kuheshimiwa anatafuta leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, maana TANESCO wanataka fomu ya nyumba isainiwe na mkandarasi mwenye leseni. Asiye nayo anaegemea jina la mwingine, au anaitwa kishoka, yaani fundi wa kubabaisha. Kwa mwenye kidato cha sita kizuri kama mpwa wangu kuna njia ya juu zaidi, uhandisi wa umeme pale taasisi ya teknolojia ya DIT Dar es Salaam au chuo kikuu cha MUST Mbeya, na mikono aliyoizoeza mapema haitapotea huko.

Mikorosho mlango wake ni ardhi. Kama familia inayo, umeshaingia. Kama haina, mche mpya unaanza kuzaa kuanzia mwaka wa tatu hivi na unahitaji miaka kadhaa zaidi kukomaa. Nenda TARI Naliendele kabla ya kupanda chochote. Ni kituo cha utafiti wa korosho kilicho kilomita chache tu kutoka mjini, na nashangaa vijana wengi wa hapa hawajawahi kukanyaga.

Gesi, na Dar

Wapo watakaouliza mbona sijaweka kazi za kampuni za gesi. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2010 na nilichagua umeme kwa sababu ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini miaka ile ndiyo matumaini yalipopanda mpaka vyumba vya kupanga vikapanda navyo. Mwaka 2013 mji huu ulilia kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu wakilipinga. Mwaka 2015 bomba likakamilika, zaidi ya kilomita 500. Nilichojifunza ni hiki: kujenga mtambo kunataka mikono mingi kwa miaka miwili au mitatu, kuuendesha kunataka watu wachache wenye ujuzi mahususi kwa miaka thelathini. Mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, ukianza nao utakuwa hivyo hivyo. Soma umeme, uchomeleaji au mitambo kwa sababu unaipenda na inauzika popote. Gesi ikikukuta na ujuzi, vizuri.

Dar sitaizungumza sana. Neno machinga lenyewe lina jina la watu wa Lindi ndani yake, na Kariakoo kuna vijana wetu waliofanikiwa kwelikweli. Ila nimeona wengi wakienda kwa sababu hawajachagua. Biashara ya mkononi inamfaa anayependa watu, kupatana bei na kutembea. Asiyependa hayo Dar haitambadilisha.

Kazi isiyokuwamo humu

Kuna msomaji anayechonga, au anayechora, au anayetaka kuwa muuguzi Ndanda. George Lilanga, aliyezaliwa upande wa Masasi mwaka 1934, alipokwenda Dar es Salaam miaka ya 1970 alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa. Hakuajiriwa kama msanii. Lakini alikuwa ndani ya ua walimofanya kazi wasanii, na kutoka lindoni akawa mchoraji na mchongaji ambaye kazi zake zilionyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Kama kazi unayoitaka haina mlango kwa sasa, tafuta kazi yoyote ndani ya uzio wake.

Nani aende wapi

Nitasema ninavyoona bila kuzunguka. Nenda ualimu kama hupungukiwi kitu kurudia maelezo yale yale, kama uso wa mtu aliyeelewa unakulipa, na kama unaweza kuishi popote utakapopangwa. Usiende kwa ajili ya mshahara peke yake, maana watoto 72 wanajua ndani ya wiki moja.

Nenda ufundi kama unapenda tatizo lenye jibu, una mkono mtulivu, na unaweza kumtazama mteja machoni ukasema "bado unadaiwa". Kama hilo la mwisho huliwezi, jifunze, au tafuta mwenzako anayeliweza mfanye kazi pamoja.

Nenda kwenye mikorosho kama ni mtu wa macho na subira, na kama unaweza kugawa milioni tatu za Novemba zifike Oktoba ijayo. Hili la kugawa fedha ndilo linalowaangusha wengi, kuliko ubwiriunga. Kwa maoni yangu, kwa kijana asiye na ekari nyingi mikorosho iwe kazi ya pili, na kazi ya kwanza iwe ile isiyogongana na alfajiri za Julai. Fundi anaweza kuoanisha hayo, kwa kuwa miezi ya salfa simu yake bado haijachangamka. Mwalimu anaweza kwa shida, na kwa kuwalipa vibarua, kama nifanyavyo mimi.

Kuhusu mpwa wangu, sikumwamulia. Tulikubaliana aishi kila siku niliyoieleza kabla hajachagua. Wiki ya kwanza ya Agosti alikwenda Tandahimba kwa babu yake mdogo kupulizia salfa. Alirudi amekohoa, akasema shamba amelipenda ila siku ya nne alianza kutengeneza bomba la jirani lililoziba. Wiki ya pili alikaa nami shuleni. Nilimpa kipindi kimoja cha kidato cha kwanza. Alifundisha vizuri, wanafunzi walimpenda, na alipotoka akaketi chini ya mwembe robo saa bila kusema neno. Mama yake aliposikia kwamba alifundisha vizuri alifurahi sana, nami ilinibidi nimweleze dada kuhusu ile robo saa. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama wanawake wanapanda juu ya dari. Nikamwambia wanapanda.

Wiki ya tatu nilimpeleka kwa fundi niliyewahi kumwelekeza mimi, ambaye sasa ana leseni na vijana wawili chini yake. Walikuwa na nyumba ya kufanyia wayaringi Nanguruwe. Siku ya pili nilimpigia simu saa kumi na mbili jioni, haikupokelewa. Saa moja haikupokelewa. Saa mbili kasoro akanipigia mwenyewe. "Samahani mjomba, shikamoo, kuna sakiti moja ilikuwa inakata, tukawa tunaitafuta. Tumeipata." Nikamuuliza kama amekula. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Bado. Hivi chakula cha mchana kilipita saa ngapi?"

Fomu ya VETA tumeijaza Jumamosi iliyopita, dada akiwa amekaa pembeni yetu. Ada ya kwanza itatoka kwenye mnada wa Oktoba.